Deni Lenye Mwisho: Sheria ya Ufilisi na Mdaiwa Mnyonge Nchini Kenya

Mkenya aliyeamriwa na mahakama kulipa deni akashindwa anaweza kuangukia mojawapo ya sheria mbili, na tofauti kati yake ndiyo hoja yangu. Ya kwanza ni kifungo cha madeni. Mdai huomba, mdaiwa huitwa ajieleze, na hakimu asiporidhika humpeleka gerezani kwa muda usiozidi miezi 6. Mdai ndiye hugharimia posho ya mfungwa huyo. Akikoma kuitoa, mfungwa huachiliwa. Kuachiliwa huko hakufuti deni hata senti. Mmoja ametoa fedha juu ya zile anazodai, mwenzake amekatiziwa riziki, na deni liko palepale.

Ya pili ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Hapa mdaiwa mwenyewe huenda Mahakama Kuu na kuweka wazi mali yake, kipato chake na kila anayemdai. Akishatangazwa muflisi, mali yake husimamiwa na afisa wa serikali aitwaye Mpokezi Rasmi, wadai huacha kumwandama mmoja mmoja, na kinachopatikana hugawanywa kwa utaratibu. Baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya hali yake, huondolewa ufilisi pasipokuwa na pingamizi. Asiye na mali ya kuuzwa, na mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, anaweza kumwendea Mpokezi Rasmi bila kupita mahakamani, na miezi 12 ikipita madeni hayo humtoka. Naona huu ndio msingi wa haki katika jambo hili: deni la asiye na kitu liwe na tarehe ya kwisha. Kwa hiyo nashauri hakimu yeyote asitie saini amri ya kifungo kabla ya kumweleza mdaiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba njia hii ipo.

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, kwa mwenye cha kulipia. Suratul Baqara, aya ya 280, inaagiza mwenye dhiki apewe muda hadi apate nafasi, na yeyote aliyelelewa Mombasa au Lamu analijua fundisho hilo. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alikataa kumfunga mdaiwa, akitegemea mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Majaji wengine wameshikilia kwamba kifungo ni halali kwa anayekataa kwa makusudi ilhali anao uwezo. Sipingani nao kuhusu mtu wa namna hiyo. Lakini atajulikanaje, ikiwa hakuna aliyeikagua mali yake? Ufilisi huikagua.

Pingamizi zito zaidi ni la wakopeshaji: mlango ukiwa wazi, walaghai watakopa wakijua watasamehewa, na riba itawapandia waaminifu. Hofu hii ina mashiko, nayo sheria haikuipuuza. Deni lililotokana na ulaghai halifutwi, wala matunzo ya mtoto au mke. Mali iliyogawiwa jamaa ili ifichwe inaweza kurudishwa. Muflisi hawezi kuendesha biashara wala kusafiri nje ya nchi bila ruhusa, na chini ya Kifungu cha 99 cha Katiba hawezi kugombea ubunge hadi aondolewe ufilisi. Mlaghai mwenye akili hatachagua kukaguliwa hivyo kwa hiari yake.

Kasoro ninayoiona iko upande mwingine kabisa. Kiwango cha chini cha utaratibu wa wasio na mali kimewaacha nje wengi waliolemewa na mikopo midogo ya simu. Mtu anayedaiwa shilingi 60,000, asiye na kitanda cha kuuza, hana nafasi katika utaratibu huo, lakini hukumu ya kiasi chochote kinachozidi shilingi 100 inatosha kumweka gerezani miezi 6. Bunge lifute kiwango hicho cha chini.