Safari Huanzia Mlangoni: Kufika Stesheni ya Treni Nairobi na Mizigo

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka siku limpatapo mtu: namna ya kufika stesheni ya treni mjini Nairobi ukiwa na mizigo, nawe huna gari lako mwenyewe. Wengi hudhani kwamba safari ya Mombasa huanza treni inapopiga honi. Sivyo. Safari huanzia mlangoni pa nyumba yako, na sehemu yake iliyo ngumu kupita zote si zile kilometa zaidi ya 450 za reli, bali ni zile kilometa karibu 20 zilizo kati ya mji na stesheni.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi mambo yalivyobadilika. Reli ya zamani ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua kuizunguka. Kwa zaidi ya miaka 100 msafiri wa pwani alipandia treni mjini penyewe. Aliingia jioni, akalala njiani, akaamka karibu na bahari. Kisha reli mpya ikafunguliwa tarehe 31 Mei, 2017, na treni zake, ziitwazo Madaraka Express, hazianzii mjini. Zaanzia upande wa Syokimau, kusini-mashariki ya mji. Mwendo wa siku moja umekuwa wa saa tano au sita, lakini msafiri ameongezewa kazi ya kujifikisha huko.

Hapa ndipo wageni wanapopotea, kwa sababu siku hizi neno stesheni lina maana tatu. Iko stesheni ya zamani, mwisho wa Moi Avenue, ng'ambo ya Haile Selassie Avenue. Iko stesheni ndogo ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu waendao kazini na kurudi. Tena iko stesheni kuu ya reli mpya, iitwayo Nairobi Terminus, ambayo watu wa mjini huiita SGR. Hizi si mahali pamoja. Mtu akimwambia dereva "nipeleke stesheni," aweza kushushwa pasipo pake, na mzigo wa kilo 30 si kitu cha kubeba huku ukiuliza njia. Basi taja jina kamili: sema SGR, au Nairobi Terminus.

Sasa tutazame njia. Ya kwanza ni treni ya mjini. Zipo treni zinazotoka stesheni ya zamani na kuwapeleka abiria mpaka Nairobi Terminus, nazo zimepangwa ziwahi safari za Mombasa. Njia hii ina faida kubwa kwa mwenye mizigo: treni haisimamishwi na msongamano wa magari, na nauli yake si nzito. Ila haikungoji. Ikikuacha, haifuati nyingine baada ya dakika tano kama matatu. Kwa hiyo uliza saa zake siku moja kabla, wala usitegemee saa alizokuambia jirani aliyesafiri mwaka jana, maana ratiba hubadilika.

Njia ya pili ni matatu ipitayo barabara ya Mombasa. Hizi ni nyingi, lakini kabla ya kupandisha mzigo muulize makanga swali moja: "Je, mwaingia mpaka mlangoni pa stesheni, au mwashusha barabarani?" Ziko zinazoingia, na ziko zinazomwacha abiria kando ya barabara kuu zikaendelea kwenda Mlolongo au Athi River. Kutoka hapo mpaka stesheni ni mwendo mfupi kwa mtu mtupu, bali ni mrefu kwa mama mwenye mtoto mgongoni na gunia mkononi. Tena kumbukeni kwamba tangu sheria za mwaka 2004 matatu ndogo huchukua abiria 14 tu, nayo haina nafasi kubwa ya mizigo. Mzigo ukikaa kitini utalipiwa kama mtu. Patana nauli ya mzigo kabla ya gari kuondoka, wala si baada ya kufika.

Njia ya tatu ni gari la kukodi. Hili ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu watatu au wanne waendao pamoja wakichanga, huenda kila mmoja asizidishe sana juu ya nauli ya matatu mbili na malipo ya mzigo. Gari hilo laweza pia kupita barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, ikiwa barabara ya chini imefungana. Patana mapema nani atalipa ada hiyo.

Tumchukue kwa mfano msafiri atokaye bara kwa basi la usiku, akashushwa alfajiri katika stendi ya mabasi ya Machakos, ile watu waiitayo kwa mzaha "Machakos Airport." Huyu yampasa kufuata Landhies Road, apite Muthurwa, afike Haile Selassie Avenue na kuingia stesheni ya zamani. Ana sanduku, ana ndizi, ana unga wa mtama wa kumpelekea mwanawe. Afanyeje? Amwite hamali au mwenye mkokoteni, wapatane bei mbele ya watu, naye atembee kando ya mzigo wake, asiuache ukitangulia. Na akipotea, aulize Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, maana iko karibu na stesheni ile, na kila mtu aijua.

Juu ya mizigo yenyewe, wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jamaa wakisikia kwamba unasafiri, kila mmoja huja na kifurushi chake, na kila mmoja aona ni chepesi. Lakini atakayevibeba vyote ngazini ni wewe. Fungeni mizigo michache iliyo imara, yenye mishikio, kiasi ambacho mtu aweza kuinua mwenyewe bila msaada. Jina lako na namba ya simu ziandikwe ndani na nje. Wala usichukue kamwe kifurushi usichokijua kilichomo. Katika Nairobi Terminus mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi wakainusa, kisha hupitishwa katika mashine inayoonyesha vilivyomo. Siku hiyo hutaulizwa ni cha nani. Utaulizwa wewe uliyekishika. Visu, petroli na mitungi ya gesi viacheni nyumbani.

Kitambulisho kiwe mfukoni, si chini ya sanduku, na jina lililo juu ya tikiti lifanane na lililo katika kitambulisho. Ikiwa tikiti yako iliagizwa kwa simu na yahitaji kuchapwa stesheni, hesabu pia muda wa kupanga foleni kwenye mashine.

Basi hesabu ya saa ifanywe kwa kurudi nyuma. Tuseme treni yaondoka saa mbili asubuhi. Yafaa uwe langoni saa moja, kwa ajili ya ukaguzi. Njia kutoka mjini ipe saa moja na nusu, kwa sababu ya mvua na magari. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu uwe umekwisha panda. Na kama wakaa Kawangware au Kayole, toa tena muda wa kuja mjini. Utaona kwamba treni ya saa mbili humwamsha mtu saa tisa usiku. Akiona hesabu hiyo ni nzito, au akiogopa njia ya usiku, ni heri achague treni ya mchana.

Msisahau pia kwamba mwisho wa reli si mwisho wa safari. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, nje ya kisiwa. Matatu huwangoja abiria hapo kwenda mjini, naye aendaye Likoni kwa kupitia mjini bado ana feri mbele yake. Bakiza nauli ya sehemu hiyo, tena iwe chenji ndogo ndogo.

Huenda mtu akasema, "Haya yote ya nini? Nikiachwa nitapanda nyingine." Mabibi na Mabwana, mwezi wa Desemba na siku za Pasaka tikiti huisha mapema, na nyingine huenda isipatikane siku ile. Tena anayeachwa si fedha tu apotezazo. Yuko mtoto anayetakiwa shuleni kesho yake. Yuko mgonjwa mwenye siku yake kwa daktari. Yuko mtu anayekwenda kumzika mzazi, na maziko hayamngoji aliye barabara ya Mombasa ndani ya matatu. Treni haimjui tajiri wala maskini; yamjua aliyefika. Mwenye gari lake aweza kuchelewa kuondoka akakimbia. Sisi tunaotegemea gari la wote hatuna mbio hizo. Tuna kuwahi tu. Basi na tuwahi, tukiwa na mizigo tunayoiweza.