Maji Yaliyofichwa Ardhini ni Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunazungumza na ndugu zetu wa Handeni na Korogwe, na kila anayetusikia, juu ya maji. Mtu wa Handeni hahitaji kuelezwa thamani ya ndoo moja. Miamba ya huko ni mikongwe na migumu. Maji hukaa katika nyufa zake, na mara nyingi kisima hutoa maji haba au ya chumvi. Ndiyo maana maji ya mto Pangani huvutwa kutoka Korogwe na kupelekwa Handeni kwa mabomba.

Na mto huo watoka wapi? Hutokana na mito ya Ruvu na Kikuletwa, ambayo maji yake hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Miongoni mwa vinavyoulisha Kikuletwa ni chemchemi ya Chemka, wilayani Hai, ambayo maji yake ni ya uvuguvugu. Basi tone lililotoka chini ya ardhi huko Hai laweza kutiliwa udhu Handeni.

Wataalamu wa elimu ya ardhi wanatueleza kwamba, katika sehemu nyingi, joto la ardhi huzidi kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita moja ya kina. Mvua ikizama mbali hupata moto, kisha hupanda kwa kupitia nyufa kubwa za miamba. Wao hupima madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, wakakisia joto la huko chini. Hupima pia chembe za oksijeni na haidrojeni, wakatambua mvua ya mlimani na ya bondeni. Wamekuta kuwa maji ya chemchemi nyingi za moto asili yake ni mvua, na pengine ni mvua ya zamani sana.

Ndugu Waislamu, Kurani imetuzindua juu ya jambo hili. Katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 21, tunafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu huteremsha maji kutoka mbinguni na kuyapitisha katika chemchemi za ardhi. Na mwisho wa Sura ya Al-Mulk tunaulizwa: yakididimia, ni nani atakayetuletea mengine?

Tuchukue mafunzo matatu. La kwanza ni la itikadi. Wako wanaopeleka sadaka kwa mizimu penye mapango na chemchemi. Joto la maji ni kwa kudura ya Mola na kwa sababu alizoziweka. Halitoki kwa mzimu. Kuiomba mizimu ni shirki.

La pili ni la fikihi. Karibu na mapango ya Amboni, Tanga, ziko chemchemi za Galanos zenye harufu ya kibiriti. Je, maji kama hayo yafaa kwa udhu? Wanazuoni wa Kishafii wamesema yafaa, kwa kuwa yamebadilishwa na kilichomo katika makao na mapito yake. Lakini kutumia maji yenye moto mkali ni makuruhu, mpaka yapoe.

La tatu ndilo zito. Ikiwa maji ya leo ni mvua ya jana, basi mwenye kukata miti penye chanzo cha mto Lwengera kule Usambara anamnyima maji mtu asiyemjua. Mwenye kuchimba choo karibu na kisima anamtilia jirani maradhi katika mtungi. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, naye akitawadha kwa kiasi cha kibaba kimoja tu. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakitoa kwa Waislamu wote. Nasi leo tunamfungia jirani bomba!

Tuyalinde maji tusiyoyaona kama tunavyoilinda amana ya yatima. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye manufaa, na atujaalie tuwe wenye kushukuru. Amin.