Majembe yalipasuka, tukaanza upya

*(Maneno ya mwanachama mumoja, mwalimu wa shule ya musingi, mbele ya mukutano mukubwa wa chama pale Sake. Tumeyaandika namna alivyoyasema, ila tumekata kidogo pahali watu walicheka.)*



Rais wa chama ameniomba niseme juu ya kazi ya kufua chuma. Nianze na kuungama: mimi si mufua chuma wa kuzaliwa. Kwetu hii kazi ilikuwa ya jamaa, baba anamufundisha mutoto. Wandugu wa Walikale wanajua hadisi ya Mwindo, ile Candi Rureke aliyoisimulia kwa Kinyanga, na Biebuyck na Mateene wakaitoa kitabu mwaka 1969. Ndani yake wajomba wa Mwindo ni Popo, na ni wafua chuma. Wao ndio walimuvalisha chuma mwili muzima kabla hajaenda kupambana na baba yake. Basi mimi sina mujomba Popo. Nilijifunza kwa muzee mumoja wa Walikale aliyekuja kuishi karibu na sisi, siku za poshoo kisha kusahihisha makaratasi ya wanafunzi. Ilikuwa ya kupitisha wakati tu. Bibi yangu alisema afazali hiyo kuliko kasikisi.

Kisha vita ikafika huku Sake, Februari 2024, tukakimbilia Goma kama wengi wenu. Mwaka muzima chini ya shitingi. Februari 2025 makambi yakafunguliwa kwa haraka, tukaambiwa twende kwetu. Munakumbuka namna tulipanda hii barabara, godoro kwa kichwa, sufuria kwa mukono, mutoto kwa mugongo. Wenye bahati walipata tshukudu.

Kufika nyumbani, kile kibanda changu cha kufulia kilikuwa nguzo ine tu. Manjanja, hakuna. Nyundo, hakuna. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi, panya walikuwa wamemaliza. Kitu kimoja kilibaki: fuawe yangu, juu ni kipande cha ekseli ya kamio, nimekisimamisha ndani ya gogo na kukizika nusu. Aliyekuja kuiba alijaribu kuichimbua, shimo nililiona, halafu akachoka.

Sasa, wakati wa kulima ulikuwa umefika, ule wa Februari na Machi, na hakuna aliyekuwa na jembe. Mutu anarudi kwa shamba lake kisha mwaka, magugu yamefika kwa kifua, na mukono ni mutupu. Chama kikaniambia: mwalimu, wewe unajua. Nikajibu ndiyo, haraka sana. Nikatengeneza majembe kumi na mbili kwa vyuma vya resori ya kamio. Kila mumoja alichukua jembe, atalipa kwa maharagi kisha kuvuna.

Majembe tano yalipasuka ndani ya juma mbili.

Mama mumoja, mujane, yuko hapa na amenipa ruhusa niseme, alikuja asubuhi na vipande viwili kwa kitenge. Hakunitukana. Alisema tu: «Mwalimu, jembe yako imepasuka. Na mbegu iko ndani ya nyumba inangoya.» Ningependa angenitukana. Alipanda kisha wenzake wote, na mvua haikumungojea.

Kosa lilikuwa langu, na ninataka vijana walielewe vizuri. Chuma cha resori si kama ferabeto ya kujengea. Ferabeto hata ukiitia ndani ya maji mara kumi haikamati ugumu. Jembe yake inapinda kama ulimi. Resori inakamata ugumu sana. Ukiitoa kwa moto nyekundu na kuitumbukiza ndani ya maji ya baridi, inakuwa ngumu kama chupa, na kama chupa inavunjika ikikutana na jiwe. Na mashamba yetu hapa Sake, ni mawe ya volkano tupu! Muzee wangu alikuwa akitumia mafuta ya mawese. Mimi sikuwa nayo. Nikasema, maji itatosha. Haikutosha.

Basi tulianza upya. Ndugu mumoja wa Walikale alituletea bidoni ya mawese, maana kule chini kwao ngazi ziko, huku juu kwetu kuna baridi na ngazi haizai. Na hiyo baridi ilinifundisha jambo lingine: asubuhi mawese ya Masisi inaganda kama siagi. Sherti uipashe moto kidogo kwanza, iwe maji, mukono uvumilie. Ndipo unatumbukiza chuma, polepole, sura chini, na mutu mwingine anashika kifuniko, juu mafuta inaweza kuwaka. Musitumie mafuta chafu ya moteri. Moshi yake ni mubaya, na wengi kati yetu walitoka kambini na kifua cha kukohoa.

Namna ya kujua kama moto umefika: nilitoa sumaku ndani ya boksi ya redio iliyokufa, nikaifunga kwa waya. Chuma kikifika karibu digrii 770, sumaku haikikamati tena. Pale ongeza moto kidogo, kisha ndani ya mafuta. Ukishatoa, jembe bado iko ngumu kupita. Sugua pahali pamoja na jiwe mpaka paangaze, irudishe karibu na makala, uangalie rangi inatembea: majani makavu, kahawia, zambarau, bulu. Kwa jembe ninangoya bulu. Kwa kisu cha kukatia fomaji ninasimama kwa ile ya majani makavu. Fanya hiyo ndani ya kivuli. Kwa jua rangi itakudanganya. Ndiyo sababu tuliomba manjanja ya paa mbele ya kuomba kitu kingine, na wengine walifikiri ninataka tu kukaa vizuri.

Mivukuto ya ngozi sikuirudisha. Tulichukua mupanda wa kinga ya zamani, mukaba wa mupira wa ndani, na feni ndogo ndani ya boksi ya mbao. Kijana mumoja anazungusha kwa mukono, upepo unatoka bila kukatika. Mudomo wa kuingiza upepo ndani ya moto ni udongo wa kuchoma. Kwanza nilitumia kipande cha tiyo ya maji, ile yenye rangi ya feza. Ilitoa moshi nyeupe, na usiku nililala nikitetemeka kama mutu wa malaria. Tiyo ile na manjanja, musiweke kwa moto hata siku moja. Na mawe ya kuzungushia moto yawe makavu kabisa. Jiwe lenye maji linapasuka na kuruka.

Nafika kwa neno ambalo lilinifanya nikubali kusimama hapa. Mwezi uliopita mutoto wa darasa langu alikuja na mufuko wa vyuma, anataka kuniuzia. Ndani kulikuwa misumari, kipande cha sufuria, na kitu chenye mabawa kwa mukia. Nilikijua. Nilimuambia akiweke chini polepole, tukatoka wote, tukaweka miti na kitambaa chekundu kwa njia, tukamuita chefu naye akaita wenye kazi ya kutegua. Siku mbili sikuwasha moto. Lakini kile kitu mutoto alikibeba kwa mugongo kutoka kilima mpaka kwangu. Na alikibeba juu mimi nilikuwa nimesema kwa shule: ninanunua vyuma.

Tangu siku ile sinunui chuma kwa mutoto. Ninanunua resori, kwa garaji, kwa mutu mukubwa ninayemujua. Ukiona chuma cha vita kwa shamba, usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome. Weka alama mbali nacho, uambie chefu. Wazazi, musiwatume watoto kutafuta vyuma pa vilima vya Mushaki na pembeni ya hii muji.

Kwa wenye kutusaidia: tumesikia munafikiri kutununulia mashini ya kusudu. Aksanti sana, lakini kwangu kuriti haifiki, na mashini itakaa kama mugeni. Tungeomba tupa, koleo mbili za mikono mirefu, miwani ya kukinga macho, na feza kidogo ya makala ya mukaratusi uliopandwa, tusichome ya pori la Virunga.

Na mulioniuliza juu ya panga: nanoa panga ya mutu ninayemujua. Kufua mupya, bado. Wengine ndani ya komite hawakubali hiyo, tutasemezana.

Yule mama mujane alipata jembe ingine, bila kulipa. Iko hapa, ameileta, muiangalie. Wale ine wengine walete vipande poshoo hii, nitawasha moto saa mbili ya asubuhi.