Upweke wa Mtu Mzima na Hofu ya Kituo cha Polisi



Urafiki wa utotoni huzaliwa shuleni na uwanjani; wa utu uzimani hupunguzwa na uhamisho, malezi na misiba. Mgeni wa kitongoji aweza kukaa miaka asipate mtu wa kumbishia hodi.

Upweke huo hudhihirika siku ya shida. Aliyeibiwa au kupigwa huogopa kituo cha polisi, akidhani atadaiwa fedha au kugeuziwa kibao. Asiye na wa kumsindikiza hunyamaza: fomu ya PF3 haichukuliwi, ushahidi hupotea, na mhalifu hurudi.

Hofu hiyo haikuzuka bure, wala haiondolewi kwa maneno. Huondolewa na haki inayoonekana: dhamana ya polisi isiuzwe, na mshtakiwa asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika, kama isemavyo ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977.

Kila mkazi na amjue mwenyekiti wa kitongoji na polisi kata wake. Zaidi ya hayo, na amsindikize jirani aendaye kutoa taarifa. Askari atasema mbele ya shahidi, na majirani wawili watarudi wakiwa marafiki.