Mpango Uwe wa Mwenyewe

(Hotuba ya mshauri wa wanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuwashauri wanachama kabla hawajakopa. Nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Katika mwaka wetu wa pili alinijia mama mmoja. Yupo hapa leo, ameniruhusu niseme, ila jina nisilitaje. Alitaka mkopo. Kabla hajamaliza kueleza nikamwambia, "Mama, fuga kuku wa nyama, huko ndiko kwenye hela." Nikampigia hesabu, nikamwandikia mpango kwa mkono wangu, yeye akaweka dole gumba. Haukupita muda, mdondo ukaingia bandani, kuku wakaisha. Deni alilipa lote, lakini kwa kuuza mbuzi wake wawili. Siku ya kumaliza akaniambia kwa upole, "Dada, mimi nilikuja nikitaka kuezeka nyumba. Kuku walikuwa wako, deni likawa langu."

Usiku ule sikulala. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi mno kumpangia mtu mzigo ambao wewe hutaubeba.

Tangu hapo niliacha kutoa mipango, nikaanza kuuliza. Maswali yangu ni matano. Unataka nini hasa? Kitagharimu kiasi gani, na unakitaka mpaka lini? Leo una nini mkononi? Nini kinaweza kukukwamisha, na kikitokea utafanyaje? Wiki hii utaanza na lipi? Nikishauliza, nanyamaza. Jamani, kunyamaza ndiko kugumu!

Mwingine, muuza vitumbua, alisema anataka cherehani ya shilingi 360,000 kwa mwaka mmoja. Tukahesabu pamoja: wiki ziko 52, basi kila wiki inatakiwa kama 7,000. Nikamuuliza anapata nini. Faida yake ni 15,000 kwa wiki, na 9,000 zinakula nyumbani. Zinabaki 6,000. Ulimi ukaniwasha nimwambie akope, lakini nikajizuia. Akafikiri, akasema, "Basi nitafika wiki ya 60. Bora nichelewe kuliko watoto walale njaa." Ule ulikuwa mpango wake. Wiki mbili alizougua hakuweka kitu, lakini hakukata tamaa, kwa sababu hakuna aliyemtuma. Cherehani aliinunua.

Wengine husema mtu asiyejua kusoma hawezi kujipangia. Si kweli. Vikundi vya mtindo huu wetu vilianza nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma, wakaweka hesabu kwa kichwa, na fedha zilikuwa zao wenyewe. Hata hapa kwetu, asiyeandika namwambia achore: bati, ng'ombe, sare ya shule. Ile picha anaibandika ukutani, na kila akiamka anaiona.

Kwa wenzangu mtakaoshika kazi hii baada yangu, nawaomba jambo moja. Mwanachama akikuuliza, "Nifanye nini?" usikimbilie kujibu. Mrudishie swali. Kama jambo lina hatari unayoijua, mwambie wazi, hiyo ni haki yake, lakini uamuzi mwachie. Na nanyi wafadhili wetu, kabla ya kutuletea mradi, tuulizeni kwanza tunataka nini.

Sanduku letu lina makufuli matatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Hiyo ni sawa, kwa sababu fedha ni za wote. Lakini mpango wa mwanachama una ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ni wake.

Mgao wetu ujao uko karibu. Kila mmoja aje na lengo moja, aliseme kwa mdomo wake mbele ya wenzake. Na yule mama wa kuku? Nilipomuuliza upya, mpango aliutunga mwenyewe. Mvua ikinyesha leo, analala chini ya bati.