Ngome ya Thimlich na Lugha ya Wasuba



Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia. Sisi tumetakiwa tueleze habari za kale za nchi yetu, tangu Migori hata Homa Bay, nasi tumechagua mambo mawili: ukuta uliosimama, na lugha inayopotea.

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori iko ngome iitwayo Thimlich Ohinga. Jina ni la Kijaluo: thim ni pori, lich ni kitu cha kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Yasadikiwa kwamba kuta zake zilijengwa katika karne ya 16. Mahali pengine kimo chake chapita mita 4, na unene wake ni mita 1 au zaidi. Ajabu ni kwamba kati ya mawe hamna chokaa wala udongo, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Wajenzi walipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakashindilia madogo katikati, yakashikana kama vidole vya mikono miwili. Milango waliifanya mifupi, hata kila aingiaye, awe rafiki au adui, sharti ainame.

Watu wengi wakiona kazi hii huuliza, "Ilijengwa na kabila gani?" Jibu ndilo lililotushangaza. Wataalamu wengi waona kwamba waliotangulia kukaa hapa yumkini walikuwa wenye kusema lugha za Kibantu. Baadaye wakaja Wajaluo. Watu walihama na wengine wakahamia, lakini waliokuja hawakuibomoa ngome ya waliotangulia. Waliingia, wakakaa, na palipoanguka wakapanga mawe tena. Hivyo ngome ilikaliwa hata mwanzo wa karne ya 20, nchi ilipotulia na watu wakaenda kujenga miji yao nje, yenye ua wa miti. Wala watu hao hawakuwa wametengwa na dunia, kwa maana katika uchimbaji zilionekana shanga za kioo zilizotoka mbali kwa biashara.

Basi, ukuta ule haukusimama kwa nguvu ya wajenzi wake wa kwanza peke yao. Ulisimama kwa sababu kila kizazi kiliuona kuwa ni wake.

Katika miaka ya 1980 Serikali ya Kenya iliiweka Thimlich chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2018, katika mkutano uliofanywa Manama, Bahrain, UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini, wazee wetu, hati haiinui jiwe lililoanguka. Tena Thimlich si peke yake. Katika pande zetu hizi yamehesabiwa maboma ya namna hii zaidi ya 500, mahali zaidi ya 130. Mengi hayana mlinzi. Mizizi ya miti yayasukuma, mifugo yapanda juu yake, na watu huchukua mawe wakajengee kwao.

Sasa tuvuke maji twende Rusinga na Mfangano, katika Homa Bay. Huko waishi Wasuba, ambao wengi wa babu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, wakaja na lugha yao ya Kibantu. Leo Wasuba wengi husema Kijaluo, na vijana wengi hawawezi kuzungumza Kisuba. Hapana vita iliyowanyang'anya lugha yao. Walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na shule na kanisa zikatumia Kijaluo. Neno moja lilianguka leo, jingine kesho, wala hakutokea mtu wa kuliinua.

Hatusemi haya ili kumlaumu Mjaluo, kwa kuwa kuna wengi ambao ni wajukuu wa pande zote mbili. Wala hatuwakatazi watoto kujifunza lugha zenye kuwapatia kazi. Tunajua wako watakaosema kwamba Kisuba hakileti unga nyumbani. Ni kweli, lakini hata ukuta wa Thimlich hauleti unga, na kama ungebomolewa sote tungesikitika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mawe waweza kujengwa tena, maana mawe yangali chini pale pale. Lugha akiisha kufa mzee wa mwisho aliyeijua, mawe yake huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama yeyote asichukue jiwe la ohinga, hata likiwa katika shamba lake mwenyewe. Pili, kila tawi la chama liandike majina ya maboma yaliyo karibu nalo, pamoja na habari wanazozijua wazee wa mahali pale. Tatu, matawi ya visiwani yachague vijana wawili wawili, wenye daftari, wakae na wazee na kuandika maneno ya Kisuba, majina ya samaki, ya pepo za ziwa, na ya ukoo. Gharama yake ni daftari na nauli ya mashua. Wazee hao hawatatungoja miaka mingi.