Mtu Ahamie Mji Gani?

Maneno ya leo ni kwa ajili ya wale walio karibu kufunga mizigo yao. Wako vijana waliomaliza shule, wako wanawake waliofiwa na waume zao, na wako watu wazima ambao viwanda vyao vimefungwa. Wote wamekata shauri kuondoka walipo na kutafuta riziki katika mji mwingine, na huko waendako hakuna aliyewaahidi kazi. Jambo hilo si kosa, wala si upumbavu. Kifungu cha 39 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia na kukaa po pote nchini. Haikuwa hivyo zamani. Katika utawala wa kikoloni mwanamume Mwafrika alilazimishwa na sheria kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, iliyotiwa katika kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Na aliyeonekana Nairobi hana kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Hata leo watu wengi huiita kadi ya kitambulisho "kipande", ingawa ni wachache waliobaki walioona kile cha kwanza. Basi swali la siku hizi si ruhusa. Swali ni mji gani.

Wengi hujibu upesi: Nairobi. Jibu hilo lina sababu zake. Reli ilifika hapo mwaka 1899, makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka 1905, na tangu siku hizo ofisi, viwanda na mabenki vimelundikana mahali pamoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na Mombasa, iliyofuata kwa ukubwa, watu 1,208,333. Lakini wingi wa kazi na wepesi wa kupata kazi ni mambo mawili mbalimbali, na nchi hii ilifundishwa hivyo mapema. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya Uhuru, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano: Serikali iongeze wafanyakazi wake kwa asilimia 15, waajiri wengine waongeze kwa asilimia 10, na vyama visidai nyongeza ya mshahara kwa muda. Habari zilipoenea, watu waliacha majembe yao wakaja kujiandikisha, na waliojiandikisha wakazidi kabisa nafasi zilizopatikana. Kazi ziliongezwa, na waliokosa kazi wakaongezeka pia.

Mwaka 1970 wataalamu wawili wa uchumi, John Harris na Michael Todaro, walioyachunguza mambo ya miji ya Afrika Mashariki, waliieleza sababu yake kwa hesabu. Walisema kwamba mtu haendi mjini kwa kuutazama mshahara peke yake, bali huutazama mshahara pamoja na bahati yake ya kuupata. Kwa mfano, mshahara wa Sh. 20,000 kwa mwezi, ambao mtu mmoja tu kati ya wanne huupata, una thamani ya Sh. 5,000 kwa mtu aliye bado nyumbani. Na mshahara wa Sh. 9,000 katika mji mdogo, ambao watu wawili kati ya watatu huupata, una thamani ya Sh. 6,000. Kwa hiyo mji wenye mshahara mdogo wakati mwingine ndio mji bora, ingawa hakuna ajisifuye kijijini kwa kwenda huko.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini wenye kuitunga walikuwa wanazuoni, hawakuwa wapangaji. Mpangaji analo neno moja zaidi la kuuliza: atatafuta kwa siku ngapi kabla fedha hazijakwisha? Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza mbele, na mara nyingi hutaka amana ya mwezi mwingine juu yake. Mtu akiwa na Sh. 12,000 zilizobaki baada ya malipo hayo, na chakula, maji, nauli na mafuta ya taa katika mji mmoja vikimgharimu Sh. 8,000 kwa mwezi, anazo siku 45 za kutafuta. Katika mji ambao mambo hayo hayo yanamgharimu Sh. 5,000, anazo siku 72. Tofauti hiyo ya siku 27 ni kubwa kuliko inavyoonekana katika karatasi, kwa sababu katika majuma ya kwanza mgeni hatafuti kazi hasa. Anajifunza njia, anajifunza majina ya mahali, anajifunza ni nani msema kweli na ni nani mlaghai. Wengi hupata kazi yao ya kwanza karibu na wakati ambao fedha zinakwisha, na wengine fedha huwaishia juma moja kabla. Ndipo mtu huanza kukopa. Wako waliokwisha kuwaambia wazazi wao kwamba wamepata kazi, kumbe hawajapata, nao hukopa kwa majirani ili watume kitu nyumbani kwa M-Pesa, uwongo usijulikane. Aibu ya namna hiyo imewaweka watu mijini miaka mingi bila faida.

Basi na itazamwe miji yenyewe. Katika Nairobi kazi ya viwandani huanzia langoni. Kila asubuhi, kabla ya jua kupanda, watu husimama mbele ya malango ya Industrial Area, wengi wao wakitoka kwa miguu katika vijiji vya mabati vya Mukuru vilivyo karibu. Msimamizi hutoka, huchagua idadi aitakayo, na lango hufungwa. Anayechaguliwa mara nyingi ni yule aliyefanya kazi vizuri jana, au aliyetajwa na ndugu aliye ndani. Mgeni asiyejulikana huweza kusimama hapo majuma mengi. Lakini mji huo huo unao mlango mwingine. Kamukunji, mafundi hufua masanduku, majiko, karai na mikokoteni kutwa, na kelele za nyundo zao husikika kabla mtu hajawaona. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa yake juu ya Kenya, na taarifa hiyo iliustaajabisha ulimwengu kwa kusema kwamba watu wengi waliodhaniwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi kwa bidii, ila hawakuandikwa katika daftari ya mtu ye yote. Kenya huwaita watu hao jua kali. Kwao kijana hupokewa kwa mikono yake, hapokewi kwa cheti, na akiwa tayari kubeba mabati na kushika koleo kwa malipo ya chakula na nauli, huweza kuanza. Mshahara wenyewe hukawia. Nairobi, kwa ufupi, inamfaa mwenye ufundi au mwenye ndugu. Asiye na lo lote kati ya hayo mawili aingie huko na akiba kubwa kuliko ya mahali pengine.

Habari za Mombasa zahitaji maelezo zaidi, kwa maana zinaonyesha hatari ambayo macho ya mgeni hayawezi kuiona. Mtu aliyekwenda Mombasa mwaka 2016 kwa sababu aliona malori ya mizigo yakifuatana usiku na mchana, alichagua kwa akili. Palikuwa na kazi ya kuendesha, kazi ya utingo, kazi katika yadi za makontena, kazi kwa mawakala wa forodha, na vibanda vya chakula kutoka Changamwe mpaka Mariakani. Mwezi wa Mei 2017 reli mpya ilifunguliwa, na baadaye Serikali ikaamuru kwamba mizigo mingi iende kwa reli hiyo na kutolewa kwenye bohari ya Nairobi, na kisha ya Naivasha. Malori yakapungua, yadi zikapunguza watu, na akina mama waliouza wali na maharagwe kando ya barabara wakafunga vibanda. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu kwa muda kulalamikia jambo hilo. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali mpya iliifuta amri hiyo. Hapana kosa lo lote katika bandari yenyewe: meli ziliendelea kuja miaka yote hiyo. Kazi ndiyo iliyohama. Kwa hiyo anayeuchagua mji kwa kazi moja kubwa na aulize kazi hiyo inashikiliwa na nini, na ni nani awezaye kuiondoa kwa barua moja.

Naivasha ni mfano wa pili wa jambo hilo hilo. Mashamba ya maua kando ya ziwa huajiri watu wengi wasio na vyeti vya juu, hasa wanawake, na katika majuma yanayotangulia tarehe 14 Februari, ambapo Wazungu hupeana mawaridi, vibarua huongezwa. Ni mahali pema pa kuanzia. Lakini mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga masoko ya Ulaya, maua yalitupwa kwa malori na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Si kila mwaka una korona, ila kila mwaka una mwezi wa Machi, ambapo vibarua walioongezwa hupunguzwa.

Watu wengine huvutwa na jina la jiji. Kisumu iliitwa jiji mwaka 2001, Nakuru ikapewa heshima hiyo mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Heshima ya jina haimlipi mtu mshahara. Katika Kisumu kiwanda kikubwa cha nguo cha Kicomi kilifungwa mji ukiwa bado haujapewa jina hilo, na hakikufufuka ulipopewa. Eldoret, ambayo wazee bado huiita Sikstifo kwa sababu ya namba ya shamba ilipojengwa, ilikuwa na Rivatex na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake kubwa tangu zamani, wakati ingali manispaa. Na Rivatex ilipofunguliwa upya mwaka 2019 haikungoja jiji. Sifa ya kweli ya Nakuru na Eldoret ni nyingine: zimezungukwa na mashamba, chakula hakitoki mbali, na mtu aliyekosa kazi mjini aweza kufanya kibarua cha kuvuna mahindi au viazi nje ya mji na kurudi. Faida hiyo haitajwi sana, bali imewaokoa wengi.

Liko jambo la mwenyeji. Zamani za ukoloni vyama vya watu wa kabila moja, kama Luo Union, viliwapokea wageni mijini, viliwazika waliokufa, na tena viliwarudisha nyumbani wale ambao havikuona mwenendo wao mjini kuwa mzuri. Siku hizi kazi hiyo imegawanyika kati ya kanisa, msikiti, chama cha akina mama na ndugu aliyetangulia. Ndugu huyo na aulizwe wazi kabla ya safari: mgeni atakaa kwake siku ngapi, na atachangia nini? Wenyeji wengi ni watu wa chumba kimoja, wana watoto, wana pazia lililokata chumba katikati, nao huona haya kusema hapana. Mgeni akikaa majuma mawili yaliyokubaliwa, akahama, huweza kurudi kuomba msaada. Akikaa miezi mitatu isiyokubaliwa, amepoteza kazi aliyoifuata na ndugu aliyemfuata.

Tena ziko karatasi. Kitambulisho na kitafutwe kabla ya kuondoka, kwa maana ni kwa chifu wa kwao ambako mtu hujulikana. Cheti cha tabia njema cha polisi hutakiwa na waajiri wengi, wa ulinzi na wa nyumba za watu hasa. Na anayetaka kazi ya jikoni au ya kuuza chakula hutakiwa apimwe na kupewa cheti cha afya. Ye yote anayedai fedha kwanza ili "afungue faili" au "auze fomu", na namba yake ya simu ikawa ndiyo ofisi yake, huyo hana kazi ya kutoa. Yeye mwenyewe yuko kazini wakati huo.

Liko na jambo la mwezi wa kuondoka, ambalo watu hawalifikirii. Januari mabasi hujaa wanaokwenda kutafuta kazi, na ndio mwezi ambao wenye maduka wana fedha chache, sikukuu zimewamaliza na karo zinawangoja. Pwani ina majira yake: hoteli hujaa watu Desemba, na tena Agosti, lakini kuanzia Aprili mpaka Juni, wakati wa masika, wageni hupungua, hoteli nyingine hufungwa, na wapishi na watumishi hupewa likizo isiyo na mshahara. Mtu anayeshuka garini Mombasa mwezi wa Aprili akitafuta kazi ya hoteli atawakuta watu hao wamemtangulia kwenye malango yale yale, wakiwa na barua za sifa mikononi. Akingoja nyumbani mpaka katikati ya Julai, huku akichunga akiba yake isipungue, malango hayo huwa yameanza kufunguliwa.